Modemu ya shule ilibadilika jina kutoka usb0 kuwa eth1, karani nusura aitwe mwizi

Wakuu, salamu kutoka mwambao wa Nyasa, upande huu wa Ruvuma. Haya nimeyaona mwenyewe, na kwenye kosa nami nimo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimeletwa huku kutoka Mara. Shule yetu haiko mbali na Liuli. Ofisini tuna kompyuta moja ya Linux, na modemu moja nyeupe ya USB ndiyo intaneti yetu yote.

Fundi aliyeifunga alituachia karatasi: andika amri ya ip a, ukiona usb0, modemu ipo.

Mkuu wa shule ni mtu wa utaratibu. Akafungua leja ya vifaa, na kwenye safu ya "namba ya kifaa" akaandika: usb0.

Mimi nikasaini kama shahidi. Hakuna aliyeshtuka.

Jumatatu moja asubuhi intaneti ikagoma. Mkuu akashika leja, akaandika ip a. usb0 haipo. Kuna eth0, ambayo ni tundu la waya la kompyuta yenyewe, na mgeni anayeitwa eth1.

Akachomoa modemu, akachomeka tena. eth1.

Akahitimisha kwamba modemu ya shule imechukuliwa na hapa imewekwa nyingine.

Ufunguo wa ofisi anao karani wetu, Mama Ditram. Yuko kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huu ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Tena Jumamosi alikuwa Mbinga mjini kwa shemeji yake, fundi simu, ambaye huuza modemu nyeupe kama ile ile.

"Mama Ditram, modemu ya shule iko wapi?"

"Si hiyo hapo, Mkuu."

"Hii inaitwa eth1. Yetu inaitwa usb0."

"Mimi sijawahi kuiita. Huwa naichomeka tu."

Mkuu hakucheka. Alitaka barua ya kujieleza, iwe mezani Jumatano saa nne.

Nilimkuta Mama Ditram nje, nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Kitu kikibadili jina, mimi najieleza nini?"

Swali hilo lilinikaa kichwani.

Nikaanza na kumbukumbu za kompyuta. Ijumaa mchana ilikuwa imepokea update, ikaingia kernel mpya. Kernel ndiyo kiini cha mfumo, na driver ya modemu, yaani programu inayoiendesha, imo humo. Jumatatu ilipowashwa, ikawaka na hiyo mpya.

Kisha nikasoma kwenye simu, na hapa ndipo nilipopapenda.

Lile jina halimo ndani ya modemu. Driver ndiyo inayolitoa, kila unapochomeka. Inatazama anwani ya kifaa, ile MAC. Kama kiwanda kimeipata kwa utaratibu wa kimataifa, kifaa kinaitwa eth na namba iliyo wazi. Kama ni anwani ya kujitungia tu, kinaitwa usb. Dalili ni tarakimu ya pili ya anwani: ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kujitungia.

Yetu inaanza na 02. Kwa hiyo usb0 ilikuwa haki yake.

Ila kwenye toleo lile la kernel, watunzi walikuwa wamegusa sharti hilo, na anwani kama yetu zikaanza kuitwa eth. Baadaye wamelirudisha. Na intaneti iligoma kwa sababu mipangilio ilikuwa inamsubiri usb0.

(Mifumo mingi huyabadilisha tena majina haya, unaona enx na anwani nzima nyuma yake. Fundi wetu alikuwa amezima hilo.)

Jumatano nikamweleza Mkuu.

"Mwalimu, jina ni jina. Kesho ukiamka unaitwa Kolumba, nikusainie mahudhurio?"

Nikawasha kompyuta kwa kernel ya zamani, ambayo bado ilikuwa imo: usb0. Nikaiwasha kwa mpya: eth1. Akaomba afanye mwenyewe. Akarudia mara tatu, modemu haijaguswa.

"Kwa hiyo anayegeuka ni kompyuta."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na nitajuaje hii siyo ya shemeji?"

Swali la haki kabisa. Driver haingeweza kulijibu.

Tukatafuta stoo boksi ambalo modemu ya shule ilikuja nalo. Lina namba ndefu ya IMEI ubavuni, ambayo kila kifaa kina yake, na ndani ya mfuniko wa modemu kuna kibandiko chenye namba ya aina hiyo. Mama Ditram akasoma tarakimu moja moja kutoka kwenye kibandiko, barua yake ikiwa kwapani. Mkuu akafuata kwa kalamu kwenye boksi. Tarakimu kumi na tano, zote zikalingana.

Mkuu akakata usb0 kwenye leja, akaandika namba ile, akasaini pembeni.

"Basi mama, barua hiyo rudi nayo."

"Nimeandika kurasa mbili, Mkuu. Isome tu."

Akaketi akaisoma yote, sisi tumesimama. Alipomaliza akasema, "Pole, mama." Mkataba wake umesainiwa juzi.

Nilichojifunza: jina la kwenye skrini ni la kuitia tu. Mipangilio ya mtandao sasa inaitambua modemu kwa anwani yake, na leja inabeba namba iliyochapwa kwenye kifaa.

Wataalamu, nilipopotoka nirekebisheni. Na ninyi wa maofisini, hebu fungueni leja mtuambie safu hiyo imeandikwa nini.