Cherehani na Kobe wa Seremala

Mtaani walimwita Cherehani, na hata watoto wake wakitaka kumchokoza humwita hivyo hivyo. Si kwamba alijua kushona. Kifungo kikimkatikia alimpa mumewe. Jina lilitokana na miguu na mdomo wake, viwili ambavyo mchana havikupata kupumzika. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mkunga alipofika na mkoba wake alikuta mtoto keshazaliwa, keshafutwa, na analia kama mtu anayedai haki yake. Mkunga akanywa chai, akarudi zake.

Nyumbani, mumewe alikula huku mkono mmoja umeshikilia sahani, maana akiiachia tu ajikune sikio, inaoshwa. Watoto walijifunza kuvaa viatu huku wanatembea. Wala hakuwa mkali, masikini. Alikuwa na huruma nyingi sana, ila huruma yenyewe ilikuja mbio, ikakupiga kikumbo, na ulipoinuka kushukuru ilikuwa imeshafika kwa jirani.

Kazi yake ilikuwa kushika wanyama katika kituo cha matibabu ya mifugo. Daktari anadunga, yeye anashika. Na kushika alijua! Paka aliyekuja na nia ya kumtoa mtu macho alijikuta kafungwa kwenye taulo kabla hajaamua aanze na jicho lipi. Daktari, mwanamke mtulivu ambaye umri wake ungeweza kuwa wa binti yake, alimpenda na akamfundisha kusikiliza mioyo kwa ile mipira ya masikioni. Cherehani akasikia moyo wa kifaranga, unaokimbia hadi huwezi kuuhesabu. Akasikia wa sungura, kisha wa ng'ombe, unaopiga taratibu kama mzigo unaopandishwa ngazi.

"Kila kiumbe na mwendo wake, mama," daktari alimwambia. "Panya anaishi mbiombio, anazeeka sisi bado tunabishana tumtegee wapi. Wengine wanakwenda polepole, na wanakaa."

Somo hilo Cherehani alilipenda, ila alilielewa nusu. Kwa maoni yake kifaranga na panya ndio walioishi. Hao wengine walikuwa wanachelewesha foleni tu. Na binadamu aliwagawa vivyo hivyo, kwa jinsi walivyopita mlangoni.

Seremala alipita mlangoni kwa shida. Ilikuwa wakati wa mvua za baridi, na daktari alikuwa ameitwa kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Huyu seremala alijulikana. Ukichumbia ukamwagiza kitanda, kitanda kilifika mtoto wa pili anaanza shule, ingawa kikishafika wajukuu wangekirithi. Alisimama akakung'uta mwavuli, akaufunga, akaufungua tena kwa sababu ulikunjika vibaya, akaufunga upya. Cherehani alihisi kuwashwa mwili mzima. Hatimaye mzee akaweka mezani kitu kilichofungwa kwenye sweta, akaanza kufungua.

Ndani mlikuwa na kobe. Kichwa na miguu vimeingia ndani, na gamba baridi kama sufuria ya jana.

"Hali chakula," alisema seremala. "Hatembei. Tangu baridi ianze."

Cherehani akavaa mipira, akasikiliza. Kimya. Akahamisha, akasikiliza. Kimya. Akafinya mguu, mguu haukusema kitu.

"Pole sana, baba," akasema. "Ameshakwenda."

Seremala aliweka kiganja juu ya gamba, akakaa hivyo.

"Nilimkuta nyumbani nilipozaliwa," akasema baadaye. "Alikuwa wa babu. Nilijua nitatangulia mimi."

Maneno hayo yalimchoma Cherehani kweli kweli, na kwa kuwa yalimchoma akafanya anachofanya siku zote, akaharakisha. Akamfungia kobe kwenye sweta, akamshika mzee bega, akamwambia amzike mahali pazuri, akamfungulia mwavuli na mlango. Mzee hajafika barabarani, meza ilikuwa imeshapigwa dawa.

Daktari alirudi matope yamemfika viwikoni, lakini ndama yuko hai. Akawa ananawa huku Cherehani anamsimulia yaliyojiri.

"Ulisikiliza kwa muda gani?" daktari akauliza.

"Nilisikiliza, daktari! Kimya kabisa."

"Muda gani, mama?"

Cherehani akafikiri. "Ule wa paka."

Daktari akaacha kunawa. "Kobe kwenye baridi hujifunga kama duka. Moyo unapiga, halafu unanyamaza mpaka unadhani umesusa, halafu unapiga tena. Huenda huyo anataka joto, hataki kaburi. Na habari za kifo hapa zinatolewa na mimi, si wewe."

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Sijui. Sikumwona. Lakini kama yuko hai, na mzee wa watu akamfukia kwenye udongo huu uliolowa..."

Hakumaliza, kwa sababu aliyekuwa akiambiwa alishatoka.

Cherehani alikimbia na aproni yake na mabuti ya mpira, mvua inamchapa usoni. Watu walimpisha bila kushangaa, walimzoea. Lakini mbio za siku hiyo hazikuwa na raha hata kidogo. Kichwani aliona jembe, shimo, udongo unarudishwa. Yeye angeshamaliza na kufagia juu yake. Hakuwa na kipimo kingine isipokuwa mikono yake mwenyewe, na kwa kipimo hicho kobe alikuwa keshazikwa zamani, akiwa hai, gizani, kwa sababu yake. Akaanza kulia huku anakimbia.

Alipokaribia karakana ya mzee akasikia msasa. Taratibu, kwenda na kurudi.

Seremala alikuwa amekaa kwenye kigoda analainisha kifuniko. Pembeni lilikuwepo sanduku dogo la mbao nzuri, pembe zake zimeshikana bila msumari hata mmoja. Kobe alikuwa juu ya meza, ndani ya sweta lake.

"Bado?" Cherehani alisema, na pumzi hana.

"Bado," seremala alijibu kwa aibu, maana swali hilo alilizoea kutoka kwa wateja. "Pembe moja ilikaa vibaya, nikaifungua. Shimo ndilo sijaanza kabisa. Nisamehe."

Cherehani nusura ambusu.

"Baba, mimi ndiye nimekosa. Nilikwambia amekufa, na sijui kama amekufa. Sikumsikiliza vya kutosha. Tumpashe joto kwanza."

Mzee alimtazama, akamtazama kobe. Kisha akasogeza sanduku karibu na jiko alilochemshia gundi, akatandika sweta ndani, akamlaza kobe.

Wakangoja. Yaani mzee alingoja. Cherehani alifagia vumbi la mbao, akapanga patasi kwa ukubwa, akafungua dirisha, akalifunga.

"Mama, kaa," seremala akasema kwa upole. "Unatuletea upepo."

Akakaa. Akaweka kidole kwenye mguu wa kobe. Hakuna kitu. Goti lake likaanza kucheza, akalishika kwa mkono mwingine. Hakuna kitu. Neno "basi" lilimjia mdomoni akalimeza, likarudi akalimeza tena. Mvua ikapungua juu ya bati. Hapo ndipo akahisi kitu kinasukuma kidole chake, kidogo tu.

"Baba!"

"Nimeona."

Shingo ilitoka kwa mwendo ambao Cherehani hangeweza kusema ilianza lini. Jicho moja likafunguka, likamtazama, halikuwa na haraka ya kuelewana naye. Seremala alicheka huku machozi yanateremka kwenye ndevu, akawa anamwita kobe "mzee wangu, mzee wangu." Cherehani naye alilia na kucheka, kwa sauti ya kutosha watu wawili.

Alipotulia akafuta uso kwa aproni.

"Baba, utanisamehe?"

Seremala akamsogezea kobe sweta vizuri. Akaangalia jiko. Siku nyingine yoyote Cherehani angeuhesabu ukimya ule kuwa ni hapana, angeaga, na nyumbani kwake wangeshasimuliwa. Sasa alibaki juu ya kigoda, mikono mapajani. Nje magari yakaanza kuwasha taa. Kobe aligeuza kichwa upande wa pili, na alipomaliza kukigeuza ndipo mzee akafungua mdomo.

"Nilikusamehe ulipoingia," akasema. "Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kukwambia."