Shukrani ya Mama Niliyoipa Nne

Kazi yangu ilikuwa kugeuza maneno kuwa namba. Tulikuwa wawili katika chumba cha kukodi pale Konde, mimi na msimamizi wangu, mama mmoja wa Unguja, na mbele yetu marundo ya fomu. Watu wa vijijini walikuwa wameulizwa na wadadisi wanaionaje hali ya maji, na majibu yao yakaandikwa kama walivyoyasema. Mimi nasoma, naweka namba pembeni: moja ni mbaya sana, tano ni nzuri sana. Vijiji vyenye namba ndogo ndivyo vitakavyochimbiwa visima mwanzo.

Msimamizi alikwishatunga kanuni: anayeshukuru, mpe nne. Nami, Mpemba niliyezaliwa Msuka, nikaifuata siku tatu nzima bila kujiuliza. Kwetu mtu hata akiwa kitandani hajiwezi, mgeni akimjulia hali atasema Alhamdulillahi. Nilijua vizuri. Ila kazi ikikolea, mkono unakwenda wenyewe.

Siku ya nne nikafikia fomu za Msuka. Hazikuwa na majina, namba za kaya tu, lakini moja ilisema: "Alhamdulillahi, maji twayapata. Na mwanangu ndiye asomaye makaratasi haya huko Konde, msalimieni."

Nilicheka peke yangu, nikaandika nne, kisha kicheko kikanikauka. Nilimkumbuka mama na ndoo kichwani, jani la mgomba likielea juu ili maji yasimwagike. Nikaukumbuka mtungi wetu alioufukiza ubani, nami mtoto nimetoka chuoni kusoma Kurani, nazamisha kata, nakunywa mpaka pumzi inanikatika. Maji yale nayatamani hadi leo. Kisima kilikuwa mbali, bondeni, na bado kiko huko huko, ila magoti ya mama si yale tena.

Ijumaa nikaenda Msuka kumwomba aseme kweli. Alinijia juu.

"N'lalamike riziki ya Mungu kwa mtu n'siyemjua? We mwana, huko Konde wafunzwa nini?"

Nikarudi nimenywea. Nikamwambia msimamizi kanuni yetu ina kosa, na huenda tumevikosesha visima vijiji vizima. Alinuna, maana kurudia kazi ya siku tatu si mchezo. Baadaye akauliza, "Haya, tuwaulizeje?"

Nikamwambia tusiwaulize wanaonaje. Tuwaulize wanakwenda kisimani mara ngapi, njiani kukoje, na maji yakiwa haba wanaacha kufanya nini. Kwa watu wetu hilo si kulalamika, ni kueleza tu. Alikubali, akawarudisha wadadisi vijijini.

Wiki iliyofuata fomu ya mama ilinifikia tena, kwa namba ile ile ya kaya. Safari hii jibu lilijaza ukurasa.

"Nakwenda mara tano kwa siku. Zamani n'kitoka alfajiri, mwanangu hajaamka, asije kun'ona nakaa chini njiani. Siku hizi nakaa hata mara nne kabla sijafika nyumbani. Kuoga kwa ndoo nimeacha, najipangusa kwa kitambaa."

Nilifuta nne, nikampa mama yangu moja. Nililia mbele ya msimamizi wala sikuona haya. Miaka kumi na minane niliishi naye nyumba moja, na sikuwahi kumwuliza hata siku moja.