Mashine ya gololi iliyosubiri salamu

Leo nimevunja rekodi ya pinboli nikiwa nimepiga magoti.

Ni ile mashine kuukuu iliyopo dukani kwa baba mdogo, Miembeni. Gololi ya chuma, vitufe viwili ubavuni vya kuirudisha juu isipotee, namba nyekundu za pointi zinazowaka kama za saa ya zamani.

Deo fundi redio, mwenye rekodi, anasema ni nzito kama ng'ombe mgonjwa.

Baba mdogo anasema inakula nafasi, kesho inatoka, friji liingie.

Mimi naipenda tu. Michezo ya kwenye simu hainitetemeshi mikono.

Basi leo nipo kwenye gololi ya mwisho. Bado kidogo nimpite Deo, naye kasimama pale pale ananitazama.

Mara bibi akaingia, mama yake baba mdogo, katokea kijijini Kaagya na mkungu wa ndizi.

Ningefanyaje? Nikaachia vitufe, nikapiga magoti kumsalimu.

Na salamu ya Kihaya mnaijua, haina njia ya mkato. Habari za nyumbani, za wagonjwa, za migomba.

Nyuma yangu gololi imeng'ang'ania kule juu, inagonga huku na huku, ting ting ting, kila ting na pointi zake.

Bibi aliponiambia inuka, ndipo ikashuka katikati na kupotea.

Kutazama namba, nimempita Deo.

Deo anadai haihesabiki, eti hakuna mtu aliyekuwa anacheza. Nyie mnasemaje?

Bibi yeye aliitazama mashine, akamgeukia mwanawe.

"Hii ina adabu. Imesubiri tumalize kusalimiana. Friji utaliweka nje."