Jumamosi ya Kukata Gari la Guka

Juzi jirani yangu alileta fundi wa kumtengenezea geti, na harufu ya chuma kinachokatwa kwa grainda ikaniingilia dirishani nikipiga pasi. Ni harufu kavu, ya moto usio na moshi, inayokaa kwenye ulimi kana kwamba umelamba sarafu. Nilizima pasi nikakaa chini. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini ghafla nilikuwa tena na miaka kumi na mmoja, asubuhi niliyosimama kwenye gereji ya Dagoretti nikitazama barabara, nikiomba mtu fulani asije, na papo hapo nikiomba afike upesi.

Tuliishi mtaa wa Satellite. Baba alikuwa mchoraji ramani za majengo katika ofisi moja ya mjini. Kutwa nzima alichora ngazi, vyoo na mitaro ya magorofa ya Parklands, na sidhani kuna mtu aliyewahi kumshukuru kwa ajili ya choo. Alichotaka kuchora ni kitu kingine. Siku moja, huko upande wa Magadi, alikuwa ameona gari lililoinuliwa juu, lenye matairi makubwa, lisilo na paa ila mabomba ya chuma yaliyopindwa kuzunguka vichwa vya waliokaa ndani, likipanda mwamba polepole kama kinyonga. Tangu siku hiyo hakutulia.

Gari la kugeuzwa hivyo likajileta lenyewe. Guka, babake, alikatazwa na daktari kuendesha kwa sababu ya macho, na gari lake kuukuu, refu, la rangi ya chai ya maziwa, likaja kwetu "litengenezwe." Hilo ndilo neno Baba alilotumia mbele ya Guka. Kutengenezwa.

Kila jioni baada ya chakula meza yetu ilifunikwa karatasi kubwa. Mimi nilishika ncha ya futi ya kupimia, Baba akalala chini ya gari akitaja namba, nami nikaziandika. Alinifundisha kuchora kwa kipimo, sentimita moja ya karatasi kwa kumi za gari. Nilijua paa lingekatwa wapi na springi zingeinuliwa kiasi gani. Nilijua pia kwamba viti vya nyuma vingeondolewa vyote, na kwamba vingebaki viwili tu, cha Baba na cha rafiki yake Otieno, mwenye gereji.

Mama alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache. Kila akipita na sahani aliuliza swali lilelile.

"Umemwambia mzee?"

"Nitamwambia," Baba alijibu bila kuinua kichwa.

Kisha akanigeukia. "Wangari, haya ni mambo yetu. Guka asisikie kutoka kwako."

Nilijivuna kuaminiwa. Sikujua siri ina uzito mpaka nilipoanza kuibeba kwenda kuchukua maziwa.

Guka aliishi peke yake upande wa Dagoretti, kwenye shamba dogo lililobanwa na nyumba za kupangisha, na ng'ombe mmoja. Cucu, mkewe, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kwa kuwa nilipewa jina la Cucu, Guka aliniita "bibi yangu," yaani mke wake, na kila jioni nikifika na mtungi aliniuliza, "Bibi yangu, gari yetu inaendelea?" Nami nikasema, "Inaendelea, Guka." Nilianza kutembea polepole kwenda huko, nikihesabu nguzo za stima, nikitamani ng'ombe akaukiwe maziwa.

Ijumaa moja alikuwa amechangamka. Alisema Krismasi tungekwenda Nyandarua kumwona dada yake, sote, kwa gari lake. "Wewe utakaa nyuma na mimi," alisema huku akimimina maziwa, "tumwachie baba yako usukani."

Nikaona ile karatasi. Nyuma hapakuwa na kiti. Maneno yakanitoka kabla sijayazuia.

"Guka, kesho wanakata gari."

Hakuacha kumimina. Alijaza mtungi mpaka kwenye alama, akapangusa mdomo wa mtungi kwa kitambaa, akafunga kifuniko.

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Haya. Nenda nyumbani kabla mvua haijanyesha."

Mvua ilinyesha kweli, na asubuhi uwanja wa gereji ulikuwa tope. Otieno alikuwa ameng'oa matairi na kuliweka gari juu ya jeki nne, kila moja juu ya kipande cha ubao. Mistari ya chaki ilizunguka paa, mistari ambayo nilikuwa nimeipima mwenyewe. Baba alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tena. Alinipa miwani ya kukinga macho, kubwa kuliko uso wangu. Mimi nilikuwa nikitazama barabara.

Otieno aliwasha grainda. Cheche za kwanza ziliruka kwenye nguzo ya mlango wa nyuma, na ile harufu ikanijaa puani. Ndipo nilipomwona Guka akivuka barabara kwa koti lake la kanisani na kofia, akipapasa njia kwa fimbo. Otieno alimwona pia. Alizima mashine, na pale uwanjani kukawa kimya hata nikasikia ng'ombe wakilia kwenye soko la mifugo.

"Baba," babangu alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. Sikuwahi kufikiri ana sauti kama hiyo.

"Habari ya asubuhi, Njoroge. Habari, Otieno."

"Mzuri, mzee."

Guka alizunguka gari akiligusa. Kidole chake kilipita juu ya chaki, kikafika pale grainda ilipokuwa imeuma, kikasimama. Alivua koti akanipa mimi, akavua kofia, akaiweka juu ya koti.

"Niletee kadibodi nilalie."

"Baba, hapana. Hiyo gari iko juu ya jeki na chini ni tope."

Guka aliichukua kadibodi mwenyewe kutoka ukutani, akaitupa chini, akalala chali na kujisukuma chini ya gari mpaka ikabaki nje miguu tu, na viatu vilivyopakwa rangi vizuri.

"Njoroge. Kuja na tochi."

Baba alimwangalia Otieno. Kisha naye akaingia. Nilichuchumaa na lile koti kifuani, na nikasikia kila neno.

"Mimi sioni, lakini mkono wangu unaona. Mulika hapa. Nyuma kushoto, juu ya springi. Kwaruza hiyo lami."

Kisu kilikwaruza kwa muda.

"Hapa pamechomelewa," Baba alisema. "Chasisi, uti wa gari, ilikatika?"

"Ilikatika. Na aliyeichomelea hakujua kazi. Mngeipandisha mawe na hii, ingewakunjikia huko."

"Lini? Wewe hukuwahi kuniambia gari hii ilianguka."

Wakati huo nilimwona Otieno akipiga goti. Alikuwa akiitazama jeki ya mbele. Ubao wake ulikuwa umeanza kuzama upande mmoja, na tope likapanda juu ya ubao taratibu, kama uji ukitaka kufurika.

"Wazee," alisema kwa upole sana, "tokeni. Pole pole. Msiguse kitu."

Hakuna aliyetoka.

"Ni siku mama yako alivunjika nyonga," Guka alisema.

"Mama alianguka akibeba nyasi."

"Hakubeba nyasi. Nilikuwa nimekunywa, na nilikuwa naendesha."

Cucu alichechemea maisha yake yote niliyomjua. Sisi watoto tulikuwa tukimwiga, naye akicheka. Otieno alisukuma gogo chini ya chasisi kwa mguu, kisha jingine, jasho likimtoka, huku macho yake hayabanduki kwenye ile jeki. "Njoroge, mtoe mzee," alisema tena. Mimi nilikuwa nalia bila sauti.

Walitoka, Baba akimvuta Guka kwa makwapa. Hawakuwa wamepiga hata hatua tatu gari lilipolala upande ule na kutua juu ya magogo kwa kishindo kilichowafukuza njiwa kwenye mabati.

Guka alijipangusa tope. "Kateni hapo palipochomelewa kwanza," alimwambia Otieno. "Mengine mtajua wenyewe." Alikuja kwangu akachukua koti lake, akaondoka jinsi alivyokuja. Hakusema nani alimwambia. Lakini Baba alinitazama, akajua.

Kwa wiki mbili hakuzungumza nami, wala hakuichora tena ile ramani. Nilisadiki kwamba ananichukia kwa kuvunja neno langu. Nilikuwa nimekwisha kuwa mama mimi mwenyewe nilipoelewa kwamba hasira yake haikunilenga mimi kabisa. Mtu mzima, mwenye mke na kazi, alikuwa amemficha babake mpango wa gari kwa kuogopa kukemewa. Na yule aliyemwogopa alikuwa amemficha yeye jambo zito zaidi, kwa kuogopa vilevile, tangu Baba akiwa kijana wa shule. Hizo wiki mbili hakuwa akinipa adhabu. Alikuwa akitafuta namna ya kumtazama tena baba yake.

Gari lilijengwa, mwaka uliofuata, juu ya chasisi iliyotiwa chuma kipya, na lilipanda miamba. Lilikuwa na viti vitatu. Guka alipanda mara moja tu, akatapika, akasema inatosha.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumapili ya tatu, Baba alikwenda mwenyewe kumchukua Guka baada ya ibada. Tulikula pamoja. Mama alipoanza kutoa sahani, Baba alimshika mkono akamwomba akae. Kisha akamgeukia Guka.

"Niambie vile ilifanyika," alisema. "Kutoka mwanzo."

Guka alisukuma kikombe kando, akaweka mikono yote miwili mezani, na akatueleza.