Neno Ambalo Mukwe Wangu Hasemi

Mimi naitwa Taabu. Nilisoma miaka mitatu tu, na ule wa tatu sikuumaliza, kwa hiyo mutanisamehe maneno yangu yakipotea njia. Mama yangu alinizaa kwenye soko la pamba, wakati ule wa Wabeleji ambapo kila nyumba ililima pamba ipende isipende. Alisimama kwenye mustari tangu asubuhi, kikapu kichwani, akingoja mizani, uchungu ukamushika palepale. Wanawake wakamuzungushia nguo zao. Mupimaji hakusimamisha kazi. Mama akanipa jina la siku ile, hakutafuta mbali.

Sasa nasema juu ya mujukuu wangu. Kwetu hapa Kasongo, jina la babu linarudi kwa mujukuu mwanaume wa kwanza. Hata baba yake mwenyewe anamuita mutoto huyo “Baba”, na kumupiga hovyo hapana. Ukishakufa, bado kila asubuhi wanakuita uje kunywa uji. Kitu hicho nilikitamani, sitaficha. Sina shamba la maana, nyumba yangu ni ya majani, na kati ya watoto niliozaa amebaki mumoja. Cha kuacha nilikuwa na jina tu.

Huyu aliyebaki anafanya kazi Kindu. Muke wake, ndiye mukwe wangu, anakaa nami hapa, na mimba ilipofika miezi saba munganga wa hospitali akasema ni mwanaume. Siku ileile mutoto wangu akapiga simu.

“Baba, nimetafuta mu telefone. Kuna majina ya dunia yote, na maana yake pembeni.”

“Soma basi.”

“Hili ni la Kiebrania: Mungu amesikia. Hili la Kigiriki: mushindi. Hili la watu wa Afrika ya Magharibi: aliyezaliwa siku ya Ijumaa.”

“Na akizaliwa Alhamisi?”

“Baba, usicheze.”

“Langu halimo?”

Nikasikia pikipiki zinapita huko kwao. Kisha akasema, “Baba, jina ni kitu mutu anatembea nacho. Mutoto ataenda kuomba kazi, wataita namna gani? Taabu aingie?”

“Mimi nimetembea nalo mpaka leo na sijaanguka.”

“Umeanguka, Baba. Tangu nikujue unaanguka.”

Angetukana ningemusamehe upesi. Lakini alisema kweli, na kwa sauti ya upole. Siku tatu sikushika simu yake.

Aliyetuokoa, au niseme aliyenidanganya kwamba tumeokoka, ni baba wa mukwe wangu. Yeye ni Mwislamu wa Kabambare, alisoma Kurani mpaka akaimaliza, si kama mimi na miaka yangu miwili na nusu. Alikuja kwa pikipiki kuona mutoto wake, siku mbili njiani, matope mpaka kwenye kofia. Akakaa, akanawa, akala wali na sombe, yale majani ya muhogo, ndipo nikamueleza.

“Neno lenyewe ni la Kiarabu, ndugu yangu,” akasema. “Kule maana yake ni uchovu.”

“Basi umenimaliza.”

“Ngoja. Iko neno lingine jirani yake: taaba. Huyo ni mutu aliyetubu, aliyemurudia Mungu. Sauti ni karibu moja.”

“Kwa hiyo mutoto atatubu mbele ya kufanya zambi?”

“Ni vizuri,” akasema. “Wewe ulifanya kwanza, na kutubu bado.”

Tulicheka sana. Yeye mwenyewe akampigia mutoto wangu na kumueleza mambo ya Kiarabu kwa muda mrefu mpaka betri ikalia. Mwishowe yule wa Kindu akasema, “Sawa. Aandikwe Taabu. Lakini huyu awe wa Kiarabu, si wa pamba.” Nilikubali. Kama ni wa pamba au wa Kiarabu, mimi nilijua watakuwa wanaita nani.

Sasa kuna jambo nilipaswa kulifikiri, na sikulifikiri. Mukwe wangu, huyu muke wa mutoto wangu, hasemi jina langu. Si yeye tu, ni desturi: mwanamuke hataji jina la baba wa bwana wake. Ila mimi jina langu ni neno la kila siku. Kwa hiyo tangu aolewe, miaka sita, neno hilo halijatoka kinywani mwake. Mugongo ukimuuma anasema iko na magumu. Akimuonea mutu huruma anasema amepata mateso. Kule kanisani, alikoingia alipoolewa, wimbo ukifika kwenye neno hilo, wengine wote wanaliimba, yeye anafunga mudomo na kungoja lipite. Nilikuwa namuangalia na kufurahi. Nilisema moyoni: huyu ananiheshimu kuliko mutoto niliyemuzaa.

Uchungu ulimushika mvua ikinyesha, mimi niko shambani, mama jirani ndiye aliyemupeleka materinite, hospitali ya kuzalia. Mutoto akatoka salama. Mama wa materinite akaja na karatasi na kalamu, akauliza jina. Jirani alikuwa amerudi kutafuta maji ya moto. Mukwe wangu akatazama chini.

“Jina la mutoto, mama. Wenzako wanangoja.”

“Ni jina la Muzee,” akasema.

“Muzee?”

“Ndiyo. La Muzee.”

Mama yule akaandika Muzee.

Nilipofika nimelowa mpaka mufupa, nikapewa karatasi, nikasoma. Mutoto wa saa nne duniani, hana jino, hana hata unyusi, anaitwa Muzee. Nikamugeukia mukwe wangu. “Ulishindwa hata kumwandikia?”

“Kuandika si ni kusema vilevile, Baba?”

Nilimwambia, “Mama, nakupa ruhusa. Hapa, sasa, mbele ya mutoto. Sema.” Akafungua mudomo. Nilimuona anajaribu kweli. Kisha akalia. “Siwezi, Baba. Munisamehe.” Na wanawake wa vitanda vingine wakaniangalia kama mutu anayemupiga muzazi.

Karatasi ile ikaenda biro ya leta, ofisi ya serikali, na cheti kikatoka vilevile. Kubadilisha, wanasema, ni tribinali, mbele ya hakimu. Mutoto wangu wa Kindu nilipomuambia alicheka mpaka akakohoa. “Muzee ni nani hapo nyumbani, Baba? Si ni wewe? Basi umeshinda.”

Ningeweza kumujibu vibaya. Lakini siku yeye alipozaliwa, mutoto wangu mwanaume wa kwanza, ni mimi niliyekuwa na kalamu ya kuandikisha. Baba yangu alikuwa anakaa mulangoni, anangoja. Jina lake lilikuwa la Kizimba, lugha ya kabila letu, maana yake kile kilichobaki kwenye wavu, kwa sababu ndugu zake wote walikufa wadogo. Kule shuleni kwangu mwalimu mumoja alilisoma pembeni ya langu kwa Kifaransa, likasikika kama tusi, darasa zima likacheka, na haya ile sikuiacha. Kwa hiyo mutoto wangu nikamupa jina nililosikia mu radio, la mucheza mupira wa Kinshasa. Hata maana yake sikujua. Baadaye mutu wa kule akaniambia ni jina la kijito tu. Baba yangu hakuuliza kitu. Aliingia ndani, na jioni ile alikula kidogo. Leo anayejua jina lake ni mimi peke yangu, na hata hapa nimeona haya kuliandika.

Mutoto amefika miezi minne. Juzi nilikuwa kwenye kiti changu nyuma ya nyumba, nikasikia mukwe wangu anaita kutoka jikoni, “Muzee, nakuja, usikasirike.” Nikaitika, “Naam, mama, sijakasirika.” Akatoka mbio, mikono na unga, akapita mbele yangu bila kuniona, akaenda kumuinua yule kwenye mukeka.

Tangu siku hiyo wakiita Muzee siitiki upesi. Nangoja kwanza nijue ni nani anayeitwa. Mara nyingi si mimi.