Ndege Iliyonijibu

Juzi hapa uwanja wa ndege Kisumu nilijiona daktari kabisa. Kazi yangu ni kugonga bati la ndege kwa sarafu nikisikiliza: sauti ikififia, huenda bati limeachana na mbavu zake.

Nikagonga ubavuni. Ndani kukajibu, ko ko! Nikagonga tena, kukajibu tena, kwa nguvu zaidi.

Nikamkimbilia mkubwa wangu, akaacha simu aliyokuwa anapiga. "Bwana, ndege imelegea mbavu!"

Abiria wakazuiwa juani. Wakanishukuru, mmoja akanibariki.

Ndipo mlango wa ndege ukafunguka, akatokea Mama Akinyi, anayefagia ndani.

"Ni wewe unabisha? Nimeitikia 'Karibu!' mpaka sauti imekauka, nikaona nikugongee. Si upitie mlangoni kama watu?"