Rais wa jogging yetu Chang'ombe, mtetezi wa mila, alivyokutana na mtani wake msibani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hiki ninachowaletea nimekiona kwa macho yangu, na mhusika mmojawapo ni mke wangu, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitalala sebuleni. Kipokeeni kama kilivyo.

Halafu mods naomba msinifutie uzi. Rais ninayemzungumzia ni rais wa klabu yetu ya jogging huku Chang'ombe, sio yule mliyemfikiria mliposoma kichwa cha habari. Mkiona mambo yanafanana, hilo mtalijua wenyewe.

Klabu yetu ni ya kawaida tu. Wikiendi alfajiri tunakutana uwanjani, tunafanya warm up, tunazunguka mitaa kwa nyimbo, tunarudi kunywa supu. Ile supu inarudisha kitambi chote tulichokiacha barabarani, lakini hiyo ni mada nyingine. Mwenzetu akifiwa, tunakwenda na jezi zetu.

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni fundi wa kuchomelea mageti.

Aliyekuwa anaimbisha ni mke wangu, Kabula, Mnyamwezi wa Tabora. Kwa wasiojua mambo ya jogging, anayeimbisha ndiye injini. Yeye anatoa wimbo mbele, nyie mnaitikia nyuma, na miguu inafuata wimbo. Akiongeza kasi mnaongeza, akipunguza mnapumua.

Na Kabula hakwenda kutafuta sifa. Alikuwa na presha. Daktari alimwambia afanye mazoezi, la sivyo atamwongezea vidonge. Alipoanza kukimbia presha ikashuka, usingizi ukarudi, hata mimi nikapata amani ndani ya nyumba. Naomba mlishike hili, maana ndilo lililoniuma.

Sasa tuje kwa mheshimiwa.

Mzee Kondo ni Mzaramo wa hapahapa mjini, mstaafu wa kiwandani. Siasa zake zilianzia kwenye kubeba maji. Simkejeli. Kila tuliporudi tulimkuta amekwishatangulia na dumu na vikombe, "Kunyweni wanangu, kunyweni." Mtu akiuguliwa, yeye wa kwanza kufika. Tulimpenda kwelikweli.

Baadaye akaingizwa kamati ya nidhamu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nadhani hapo ndipo alipoonja utamu.

Uchaguzi ulipofika akagombea uenyekiti kwa ahadi moja tu: kurudisha heshima. Hakuna aliyemuuliza heshima ilikuwa imekwenda wapi. Tukapiga makofi, akapita bila kupingwa. Mara tu baada ya kuapishwa (ndiyo, aliapa, na mkono aliuinua) akasema mwenyekiti ni cheo cha vikao vya harusi, tumwite Rais. Tukacheka, tukamwita. Wakuu, haya mambo huanza kwa kucheka.

Nisimnyime haki yake, mazuri yapo. Waliokuwa wanaunganisha kutoka baa moja kwa moja hadi jogging walikoma. Ugomvi wa jezi ukaisha.

Na akaurudisha utani wa makabila misibani, ambao vijana wa mjini walikuwa wanauona ushamba. Alisimama kikaoni akatupa somo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kuwachamba wafiwa na kuwavurugia kilio, na wafiwa kazi yao ni kucheka.

"Mtani hakasirikiwi," alisema huku akigonga meza. "Anayemkasirikia mtani wake msibani, huyo hakulelewa."

Nikaandika kwenye mihtasari. Sikujua naandika nini.

Kisha zikaanza amri.

Ya kwanza, wanawake marufuku kuvaa skin tight, wavae dera juu. Jaribu kukimbia na dera lililolowa jasho ndipo uje kuchangia hapa.

Ya pili, mwanamke asiimbishe, kwa kuwa sauti ya kike haitakiwi kuwatangulia wanaume barabarani. Mwimbishaji akawa yeye mwenyewe. Nyimbo zake zilikuwa mawaidha matupu, mstari mmoja mrefu kuliko pumzi ya mtu mzima. Tukifika kwenye kiitikio hakuna mwenye hewa ya kuitikia.

Ya tatu ndiyo iliyotumaliza. Wanaume watangulie, wanawake wasubiri hadi wanaume warudi ndipo na wao wakimbie. Ni mila, akasema.

Sasa tukirudi jua limekwishachomoza. Huyu ana watoto wa kuwapa chai, yule anaamkia kazini. Kabula ana genge la mboga na muda huo anatakiwa awahi Mabibo sokoni kabla nyanya nzuri hazijachaguliwa. Hakuweza kusubiri. Mmoja baada ya mwingine wanawake wakapotea, mpaka tukabaki wanaume watupu tunaimba mawaidha.

Presha ya Kabula ikapanda tena. Nilimsindikiza kliniki mwenyewe. Daktari akauliza kama ameacha mazoezi.

"Sijaacha, dokta," akajibu. "Nimestaafishwa."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu vidonge viliongezwa, na usiku huo nilimsikia akihema vibaya usingizini. Niliogopa, wakuu. Nilikasirika pia.

Mimi ni Mpare, na sisi mnatujua, kesi hatuachi. Nikasimama kikaoni na katiba ya klabu mkononi. Rais akaniacha nimalize, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Katibu, kwa hiyo unataka wake zetu wafukuzane na wanaume barabarani, gizani?"

Hilo swali ukijibu ndiyo umekwisha, ukijibu hapana umekwisha. Ukumbi ukaguna. Nikakaa. Jamani, mtu anaweza kutawala miaka kwa maswali ya namna hiyo.

Nyumbani nikamsimulia Kabula huku nafoka. Yeye akaendelea kuchambua mboga zake.

"Baba Neema, achana naye. Wewe huna utani naye."

Sikumuelewa.

Haikupita muda, shangazi yake Rais akafariki huko Bunju. Bibi wa umri mkubwa, ameona hadi vilembwe, kwa hiyo machozi yalikuwepo ila ya kiasi. Klabu ikakodi kosta, tukaenda kumzika.

Siku ya kuanua tanga tukarudi tena. Dua imesomwa, pilau imeliwa, wanaume tumekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Rais yuko katikati na shehe na wazee wa ukoo. Mara tukasikia filimbi kutoka uani, ikifuatiwa na mifuniko ya sufuria inayogongwa.

Akatokea Kabula. Amevaa kanzu, kofia imeshuka hadi nyusi, filimbi shingoni, na tumbo la mto wa kulalia. Nyuma yake wanawake wote wa klabu yetu.

"Raia zangu, mbona hamniamkii?"

"Shikamoo Rais!" wakaitika wanawake.

"Marahaba. Kaeni kwa heshima, nimeirudisha leo asubuhi."

Mikeka ikalipuka kwa kicheko.

Akaanza mwanzo kabisa. Akainama na dumu la maji, sauti nyenyekevu, "Kunyweni wanangu, kunyweni." Akachaguliwa, mgongo ukanyooka, tumbo likatangulia. Akaapa kwa mkono wa kushoto, akashtuka, akabadilisha. Akapita akiwapima wanawake madera kwa mwiko wa pilau. Akaimbisha, mstari ukawa mrefu mpaka akaishiwa pumzi katikati akawa anamalizia kwa ishara. Shehe alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika.

Rais naye alikuwa anacheka, lakini kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Atafanyaje? Sheria ni yake.

Halafu Kabula akaanza kukimbia kama Rais.

Hatua za kwanza vizuri. Akifika kona, anainama, anashika goti la kulia, anaangalia huku na huku kama kuna anayemuona, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Anakimbia tena, anafunga tena kamba. Wanawake nyuma yake wakaanza kumpita, mmoja, mwingine, mwingine. Akabaki wa mwisho. Akapuliza filimbi kwa nguvu zote.

"Simameni! Kuanzia leo wanawake nyuma! Ni mila!"

Watu wa Bunju waliendelea kucheka. Sisi wa klabu tukanyamaza, kwa sababu tulizijua zile kamba za viatu. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kumuona akizifunga.

Na Rais tabasamu likamtoka. Kijana wake mkubwa akainuka kwa hasira. Mzee akamvuta shati.

"Kaa chini. Mtani hakasirikiwi."

Kisha akamgeukia Kabula, sauti imeshuka.

"Mnyamwezi wewe, goti langu umelijuaje?"

Kabula akavua kofia.

"Nilikuwa naimbisha, mtani. Anayeimbisha anasikia miguu yote nyuma yake. Wako mmoja ulikuwa unachelewa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi? Ulininyamazisha. Sie tungepunguza mwendo tu, basi. Sasa mie naongezewa vidonge kwa ajili ya goti lako."

Hakuna aliyegonga mfuniko tena. Mzee Kondo akalishika goti lake. Nilimuonea huruma, na nilikuwa nimekwenda pale nikiwa nimejiandaa kumchukia.

"Niliona haya," alisema mwishowe. "Wanawake wananipita, na mie ndo rais."

Sasa msidhani alijiuzulu. Mnaijua siasa nyie.

Wikiendi iliyofuata alisimama uwanjani akatangaza kwamba baada ya tafakuri ya kina, uongozi wake umeona kinamama wakimbie pamoja na kinababa, na kwamba mwimbishaji bora atateuliwa bila kujali jinsia. Akamteua Kabula papo hapo, kana kwamba jina limemjia ndotoni. Madera hakuyafuta, alisema mageuzi ni hatua. Siku hizi anawahadithia wageni jinsi alivyowaingiza wanawake kwenye jogging, na wageni wanampigia makofi.

Presha ya Kabula imeshuka tena, Alhamdulillah, na vidonge vimepunguzwa.

Ila kuna kitu nilikigundua. Tukifika kwenye zile kona, wimbo unapoa. Kabula anaweka mstari mmoja wa taratibu, watu wanapumua, halafu anapandisha. Nilidhani amechoka. Nilipomuuliza akanishangaa.

"Kondo yuko nyuma na goti lake, humuoni?"

Huyo ndiye aliyenyang'anywa nafasi, wakuu. Nilijisikia mdogo.

Nilichojifunza ni kwamba tulimdhuru mzee wetu kwa adabu zetu. Wote tuliliona goti, wote tukajifanya tunaona kamba ya kiatu, na bili ikaenda kwa wake zetu. Mtu akikuletea amri kwa jina la mila, chunguza kwanza anaumwa wapi. Na umwambie mapema, akiwa bado anabeba maji.

Uchaguzi wetu umekaribia na mzee anagombea tena. Jana nilimuuliza Kabula kama atampa kura.

"Nitampa," akasema. "Ila safari hii akianza, mie sisubiri msiba."

Mngekuwa nyie mngempa? Uwanja ni wenu, na Wanyamwezi mliomo humu mseme kwa ruhusa yenu yote.